Mshale Uliokataa Kushuka

Juzi nilipanda bodaboda kutoka sokoni nikielekea mtaa wa Lizaboni. Hatujafika mbali, dereva akasimama kando ya barabara, akashika usukani kwa mikono miwili na kuanza kuitikisa pikipiki kushoto na kulia, ametega sikio. Mimi bado niko juu yake, kapu la nyanya mapajani.

"Unasikiliza nini?" nikamwuliza.

"Mafuta, mama. Geji hii ni pambo tu, ilishakufa."

Akafungua kifuniko cha tangi achungulie. Ile harufu ya petroli ikanipanda puani. Nikashuka, nikasimama pembeni na kuanza kucheka peke yangu kama mwehu. Kijana wa watu alidhani ninamdharau, akaniapia kwamba mafuta yapo na tutafika. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba zamani, katika mji huu huu, mimi niliua geji ya mafuta kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa sala?

Mama yangu alikuwa bibi shamba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya upande wa Madaba akiwaonyesha wakulima nafasi ya kupandia mahindi, wakati wa kuweka mbolea, na namna ya kupambana na viwavi. Ofisi ilimpa pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa mabwana shamba wawili kabla yake, na kila mmoja alikuwa ameiachia ukumbusho wake. Kiti kilishonwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Kifuniko cha tangi kilikuwa hakifungwi tena kwa ufunguo, unakizungusha tu kwa kiganja. Koki ya mafuta ilivunjika kishikio, ikabaki imefunguka upande wa akiba, kwa hiyo yale mafuta ya mwisho ambayo pikipiki nyingine huyabakiza kwa dharura, ya kwetu iliyanywa pamoja na mengine bila kumwambia mtu. Kilichobaki kizima ni mshale wa geji. Mama aliuamini kuliko alivyoamini watu wengi. "Huu ndio peke yake ofisini usionidanganya," alikuwa akisema, akiugonga kioo kwa ukucha.

Baba alikuwa Tunduru kwenye mambo ya madini, akija anapokuja. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na Bibi mzaa mama. Bibi hakuipenda pikipiki. Hakuipenda rangi yake, kelele zake, wala suruali ambayo mama alilazimika kuivaa kwa ajili yake. Ili kulinda amani, mama aliaga asubuhi amefunga kanga juu ya suruali, na akifika kona ya pili anaifungua na kuitia kwenye boksi la vifaa. Mtaa mzima ulijua. Bibi naye nadhani alijua, ila mtu akikuheshimu kiasi hicho humtazami anapofika kona ya pili.

Siku moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nikichambua maharage. Ndani Bibi anakoroga togwa na kumsimulia jirani habari za mwanawe. Nikamsikia akisema, "Hiyo pikipiki, iko siku haitamrudisha."

Jirani akaitikia kwa kuguna, wakahamia kwenye bei ya chumvi. Kwao lilikuwa neno la kupitishia muda, kama mtu anavyosema mvua ya mwaka huu itatumaliza. Lakini mimi, mtoto wa darasa la tatu, nilijua kwamba watu wazima hawasemi kitu wasichokijua. Kwangu lile lilikuwa tangazo. Nilielewa kwamba siku ipo, imekwisha pangwa, na Bibi anaijua, isipokuwa hawaniambii kwa sababu mimi ni mtoto. Maharage yangu nikayachambua vibaya, mawe nikayaacha sufuriani. Jioni mama akauma jiwe, akalalamika jino, nami nikamtazama anavyolalamika na machozi yakanijaa kwa sababu nilijua mama huyu ni wa muda mfupi.

Mwaka huo nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mama yangu wa ubatizo alikuwa amenipa medali ndogo ya Bikira Maria, imetungwa kwenye uzi mwembamba wa buluu, na katekista alitueleza kwamba mwenye medali hulindwa, hasa safarini. Nikampelekea mama aivae. Akanibusu kichwani, akakataa. "Hiyo ni yako, Skola. Zawadi ya ubatizo haigawiwi."

Basi nikakaa nikatafakari, na nawaomba wenzangu wa rika langu msinicheke, maana nanyi mlifanya yenu. Nilitafakari hivi: Bibi hakusema mama hatarudi. Alisema pikipiki haitamrudisha. Kwa hiyo mwenye kasoro ni pikipiki, na anayehitaji medali ni pikipiki. Sasa pikipiki itaivaaje medali? Ningeweza kuifunga kwenye usukani, lakini mama angeiona na kunirudishia. Halafu tena, mimi nikiumwa malaria dawa hainingʼinizwi shingoni. Ninaimeza, iende tumboni ikafanye kazi. Tumbo la pikipiki liko wapi, nilikuwa ninalijua.

Wiki hiyo pikipiki ilikuwa imetoka kufanyiwa matengenezo kwa Fundi Rajabu kule Lizaboni. Fundi Rajabu alikuwa Myao wa Tunduru, mtu wa swala tano, mpole, mwenye kuzungumza zaidi na mashine kuliko na wenye nazo. Alisafisha kabureta, akamwambia mama, "Sasa haitakunywa kama zamani." Jumamosi mama akajaza tangi mpaka shingoni. Jumapili, tulipotoka misa, akaingia ndani kubadili nguo. Nikakizungusha kifuniko kwa viganja viwili. Petroli ilikuwa juu kabisa, nyekundu hafifu, inatetemeka. Nikafanya ishara ya msalaba, nikasali Salamu Maria moja kamili bila kuruka, nikaiachia medali pamoja na uzi wake. Haikutoa hata mlio. Nilifunga kifuniko nikaenda kula ugali na majani ya maboga, na sijawahi kula kwa furaha kiasi kile.

Kuanzia Jumatatu mambo yakawa ya ajabu. Mama akatoka, akarudi. Mshale uko pale pale, kwenye alama ya kujaa. Jumanne akatoka, akarudi. Mshale haujashuka hata unywele. Nilikuwa nikimkimbilia anapoingia uani, nauchungulia kabla hajazima, na moyo unanidunda kwa fahari. Sikuomba mafuta yasiishe. Niliomba mama arudi tu. Lakini niliona Mungu ameongeza na hilo, kama muuza dagaa mwema anavyoongeza kiganja baada ya kupima.

Mama naye alifurahi, ila shukrani alizipeleka kwingine. "Fundi Rajabu ana mkono," akamwambia Bibi. "Wiki hii pikipiki inanusa tu mafuta, hainywi." Alimsifu hata kwa wenzake wa ofisini. Mimi nilinyamaza. Katekista alishatufundisha kwamba anayetenda mema hajitangazi. Jioni Bibi akaniuliza medali iko wapi, nikasema nimeiacha kwenye daftari shuleni. Huo ulikuwa uongo, lakini nilijiambia nitauungama pamoja na mengine siku yenyewe ikifika.

Alhamisi mama akaenda mbali, vijiji vya mwisho vya njia ya Madaba. Saa nane mvua ikaanza. Saa kumi na mbili hajafika. Bibi akafunika sahani ya chakula kwa sahani nyingine, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Simu za mkononi zilikuwa bado za wenye nazo, na sisi hatukuwa nazo. Usiku ule sitausimulia. Itoshe kusema kwamba Bibi alishika rozari, mimi nikashika kona ya kanga yake, na kila mmoja alijifanya hamsikii mwenzake analia.

Asubuhi, lori la mbao likasimama mbele ya nyumba. Mama akashuka kutoka mbele, tope mpaka magotini, sauti imekauka, mzima wa afya. Pikipiki ilikuwa juu ya mbao imefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Bibi alikaa chini palepale kizingitini. Mimi nilimparamia mama nikagoma kushuka.

Ilikuwa hivi: pikipiki ilizima mlimani, mvua inanyesha. Mama akaangalia mshale, umejaa. Akasema si mafuta. Akafungua plagi akaikausha, akapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Mwisho, kwa kukata tamaa tu, akafungua tangi. Halikuwa na hata tone. Akaisukuma mpaka nyumba ya kwanza yenye moshi, wakamkaribisha, wakampa moto na mahali pa kulala.

"Na bado unadanganya!" alisema uani, akazungusha ufunguo. Tangi tupu, na mshale ukapanda taratibu hadi kwenye kujaa, ukakaa hapo bila haya. Akalipiga tangi kofi. "Fundi Rajabu atanieleza alichokifanya humu."

Mimi nikawa na hesabu yangu mwenyewe. Mafuta yaliisha, hilo niliona. Muujiza wa mafuta haukuwapo. Lakini mama alikuwa amesimama mbele yangu. Pikipiki ilizima mlimani, kwenye mvua, na giza likaingia, na bado imemrudisha, hata kama ni kwa kupanda lori. Kwa hiyo ile siku ya Bibi ndiyo ilikuwa imefika na kupita, na kilichoipitisha kiko ndani ya tangi. Sasa ndiyo nikaamini kabisa. Na sasa mama anataka kuipeleka kwa fundi ifunguliwe!

Jumamosi nililia mpaka nikachukuliwa. Mama aliomba petroli kidogo ya kutufikisha, nami nikakaa nyuma, uso nimeulaza kwenye mgongo wake, nikiwaza nitakavyoilinda.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Salama, Mama Skola?"

"Salama ya wapi?" mama alisema kabla hajavua kofia. "Fundi, umenilaza njiani. Tangu ulipoigusa hii pikipiki mshale haushuki. Nimewasifia watu wote kazi yako, kumbe nawasifia maradhi. Kama ni waya umeuchuna, sema tu ni waya."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakainua macho. Fundi Rajabu aliweka spana chini. Mtu wa kazi ile hana kibao wala karatasi. Ana jina lake, basi, na mama alikuwa amelitia tope mbele ya watu.

"Pole sana kwa yaliyokukuta, na alhamdulillahi umerudi," akasema. "Mimi geji sikuigusa. Lakini tusibishane kwa maneno. Tuiulize yenyewe."

Akazungusha ufunguo, mshale ukapanda hadi kujaa. Akazima, ukalala. "Umeona? Mita ina uhai. Ingekuwa imekufa, isingeamka wala kulala." Akainua kiti, akaingiza vidole chini ya tangi, akavuta waya mbili zilizounganishwa na soketi ndogo nyeupe. "Hizi ndizo zinazotoka tangini kupeleka habari. Waya zikichunika huko juu na kugusa chuma cha fremu, mshale utasema umejaa siku zote. Sasa nazichomoa hapa. Mshale ukibaki juu, basi ni waya, na kosa ni langu, nitalibeba. Tazama mwenyewe."

Akazungusha ufunguo tena, mshale ukapanda, kisha akachomoa. Mshale ukashuka polepole, ukalala kwenye alama ya tupu.

Benchi zima likaguna. Fundi akachukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha matundu mawili ya ile soketi ya upande wa juu. Mshale ukapanda. Akakitoa, ukashuka. "Mita nzima. Waya nzima. Inasema inachoambiwa tu." Akapiga tangi kwa kifundo cha kidole. "Mwongo yumo humu."

Nilijiona mimi ndiye niliyemo mle ndani, nimejikunja, nasubiri kutolewa. Fundi akamwaga kile kimafuta kilichobaki kwenye dumu, akafungua boliti, akalitoa tangi, akaligeuza tumbo juu kwenye gunia. Chini yake palikuwa na kifuniko cha duara chenye nati nne.

"Hapa ndipo boya linapokaa," akamwambia mama. "Ni kama boya la mvuvi. Mafuta yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, na mkono wake ndio unaousemesha mshale. Limekwama juu. Kwa nini, tutaona."

Nati ya kwanza. Ya pili. Mama amekunja mikono, hasira imeanza kumwisha, anachungulia. Fundi alipoweka spana kwenye nati ya tatu, nikapiga kelele ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi.

"Msiitoe! Mkiitoa mama hatarudi!"

Fundi akaondoa spana kwenye nati.

"Kuitoa nini, Skola?" mama aliuliza.

Nikalisema lote. La Bibi na togwa, la siku iliyopangwa, la dawa kumezwa, la Salamu Maria moja kamili. Nilisema vibaya, kwa kwikwi, nikianzia katikati na kurudi nyuma, lakini nililisema, na hata uongo wa daftari nikauweka juu. Nilipomaliza nilimgeukia Fundi Rajabu, kwa kuwa hata mtoto anajua nani ameonewa. "Si wewe," nikamwambia. "Ni mimi."

Hakucheka. Mmoja wa wale wa kwenye benchi alitaka kucheka, fundi akamtazama, akaacha. Fundi akamwuliza mama kwa macho, mama akaitikia kwa kichwa, naye akamalizia nati mbili zilizobaki na kuvuta kifuniko kile kwa utaratibu, akikigeuza kidogo kidogo kama mtu anayetoa mwiba. Boya likatoka. Kwenye bawaba ya mkono wake uzi wa buluu ulikuwa umejisokota raundi nyingi, na medali imejibana chini ya mkono wenyewe. Boya lisingeweza kushuka hata lingepigwa nyundo.

Aliufungua ule uzi kwa ncha ya bisibisi. Akaifuta medali kwa kitambaa safi, si kile cha grisi, akampa mama kwa mikono miwili. "Hii ni ya dini yenu, sijui inavyoshikwa," akasema. Kisha akajikuna kidevu. "Mama Skola, na ile chumvi?"

"Chumvi gani?"

"Nilipofanya matengenezo nilikuta kifurushi cha chumvi kwenye boksi la vifaa, kimefungwa vizuri, kimesukumwa nyuma kabisa. Nikafikiri ni ya mahindi ya kuchoma, nikairudisha."

Mama alifungua boksi, akaondoa kanga, akaingiza mkono mpaka mwisho. Kilikuwepo. Karatasi ile sote wawili tuliijua: ndiyo Bibi aliyokuwa akifungia chumvi ya kinga iliyobarikiwa kanisani. Mama alishika kifurushi mkono huu na medali mkono ule, akavitazama kwa zamu, akakaa kwenye benchi katikati ya wale wateja wawili, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye kifurushi. Sikujua kama nami nicheke au nisubiri fimbo.

"Fundi, nisamehe," akasema alipopata pumzi. "Nimekuvunjia heshima mbele ya watu na kosa liko nyumbani kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Na ninyi mliosikia nikimlaumu, mmesikia na hili."

"Tumesikia," wale wawili wakaitika.

"Usijali," Fundi Rajabu alisema. "Hii pikipiki haikuharibiwa. Imependwa kupita kiasi."

Halafu akaniita. Aliichomeka ile soketi tena, boya likiwa nje, akaniwekea mkononi. Lilikuwa jepesi ajabu kwa kitu kilichonikosesha usingizi. "Linyanyue." Nikanyanyua, kule mbele mshale ukapanda. "Lishushe." Ukashuka. Nikafanya tena. Nikafanya mara nyingi mpaka mama akasema inatosha, fundi akasema muache. Ndipo mama akachuchumaa mbele yangu.

"Bibi alisema kwa sababu ananiogopea. Mtu akiogopa sana husema maneno makali, yamtoke kifuani. Hakuna siku iliyopangwa anayoijua. Angeijua, angenifungia ndani."

"Kweli?"

"Angenifunga kwa kamba. Humjui mama yangu."

Akanivalisha medali shingoni, bado inanuka petroli. "Vaa wewe. Mimi nikiwa njiani nina kazi ya kufanya. Anayengoja nyumbani ndiye mwenye kazi ngumu."

Nyumbani mama alimwekea Bibi kifurushi cha chumvi juu ya meza. Bibi akakitazama, akatazama dari, akasema jikoni kuna kitu kinaungua. Hakuna chochote kilichokuwa kikiungua. Lakini jioni ile aliniita nikae naye jikoni, akanipa togwa ya kwanza kabla ya mtu yeyote, na akaniambia kwamba midomo ya wazee ina tabia ya kukimbia mbele ya akili, nisiifuate yote. Najua ilimgharimu kusema vile. Hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa watoto.

Ingekuwa vizuri niseme kwamba baada ya hapo hofu iliisha. Haikuisha. Jumanne mama alijaza mafuta akaondoka kwenda kule kule, na mara hii ndani ya tangi hakukuwa na kitu isipokuwa petroli. Siku hiyo sikumbuki nilichofundishwa shuleni. Mwalimu aliniuliza swali, nikasimama, nikakaa. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kizingiti na sare zangu, nikakataa kula. Saa kumi ikapita. Nilishika medali, nikaiachia, nikaishika tena, kwa sababu nilijua sasa kwamba haipo kule aliko.

Kisha nikausikia ule mlio kutoka kona ya pili, ukasita kidogo pale kama ulivyozoea kusita, ukaja.

Sikumkimbilia mama. Niliukimbilia mshale. Nilijishikiza kwenye usukani kwa vidole, nikachungulia kioo kabla hajazima. Ulikuwa umelala chini kabisa, unakaribia alama ya tupu.

"Mama," nikasema, "yamekwisha!"

"Ndiyo, mwanangu. Leo nimekwenda mbali."

Nikainua macho nikamtazama. Vumbi limemjaa kwenye nyusi, kanga imefungwa upande, ana njaa, amechoka, na yupo. Mafuta yamekwisha na mama yupo. Nilimkumbatia mguu juu ya buti lake la mpira, nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na kilio kikawa kikubwa kiasi kwamba Bibi alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akiuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," mama akamjibu. "Nimerudi tu."